Nyongeza ya Hiliki

Al-Sulay, Riyadh
Ijumaa, baada ya chakula cha mchana

Kwako Dada Mghoi,

Naomba karatasi hizi zikukute umeketi na mwiko umeuweka chini, maana nakujua, husomi kitu bila kukoroga sufuria. Goti la kulia linasemaje? Na Baba, bado anaikataa ile miwani akidai imetengenezwa kwa macho ya mtu mwingine? Shemeji je, amelimaliza zizi, au bado anasimama mbele yake akilipima kwa macho?

Mimi ni mzima, kwa kiasi cha mtu wa miaka hamsini na moja aliyepewa kitanda cha juu. Chumbani tuko wanane. Nikipanda ile ngazi ya chuma, vijana wa Bangladeshi wananihesabia vidato kwa lugha yao, nikifika wanapiga makofi. Kazi ni ya ghala: magunia ya mchele yanashushwa, magunia ya mchele yanapandishwa. Joto la huku sitalielezea, maana utasema naongeza chumvi kama kawaida yangu. Nitasema tu kwamba saa sita ukishika mlango wa lori bila kitambaa, ngozi inabaki mlangoni.

Usishtuke kwa karatasi. Najua tumezoea sauti za simu, hasa wewe, ambaye ujumbe wako mfupi kabisa una dakika tisa na jogoo ndani yake. Lakini hii imebidi iwe ya mkono, na sababu utaikuta huko mbele. Anakuletea Katana, dereva mwenzetu wa Kilifi, anakuja likizo na amekubali kupandisha mlima kwa ajili yangu. Mpe chai. Kimanga chetu cha muhogo na maharage mpe kidogo, tumbo lake ni la pwani.

Katika ujumbe wako wa mwisho uliniuliza mambo mawili. La kwanza, watu wa barabara wamechora alama nyekundu ukutani kwa duka la Baba, mwisho wa mwezi linabomolewa, na unataka kujua kipi kiwekwe na kipi kitupwe. La pili uliliuliza kwa kupita tu, kati ya habari za ng'ombe na za mvua: "Mama Wakesho amerudisha funguo za kanisa. Wanasema binti yake ameiba huko Uarabuni, ajenti amepiga simu. Wewe si uko huko? Umesikia nini?"

Nimesikia, dada. Ila niache nianze na la duka, kwa sababu hilo ndilo jepesi kulijibu.

Weka mizani na mawe yake yote, hata lile la robo lililochubuka. Weka kile kikombe cha bati cha kuchotea sukari. Viatu vilivyoning'inia darini tangu tukiwa shule ya msingi, vile vya ngozi ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuwa na mguu wa kuvivaa, vitupe, ila kwanza mwombe Baba ruhusa, maana bado anaamini mnunuzi yuko njiani. Kile kipande cha bati cha dirishani alichokuwa akianikia betri kuukuu za redio, zipate jua, zipate nguvu za taarifa ya habari tu, hicho niwekee mimi. Mara nyingi huku nimejiona niko kama zile betri.

Unakumbuka harufu? Mimi nikifumba macho naipata yote pamoja: mafuta ya taa, sabuni ya mche, majani ya chai, magunia ya chumvi ya mawe. Mtu alikuja kununua tembe moja ya kichwa, uzi wa mkono mmoja na wembe, akakaa kwenye benchi la nje mpaka jua likazunguka. Ukitaka kujua nani amejifungua, nani amegombana na nani, hukuhitaji kwenda mbali.

Na barua. Kijiji kizima kilikuwa na sanduku moja la posta, la Baba. Barua zilikuja kwake, na asiyejua kusoma alisomewa palepale kaunta. Unakumbuka ile ya mume wa Mama Mkamburi, kutoka Mombasa? Baba aliisoma kwa sauti ileile ya kusomea bei za unga, mpaka akafika pale mume anaposema asisubiriwe, ameoa mwingine. Watu wakamwangalia yule mama, kisha wakainamisha vichwa. Wewe ulimvuta shati Baba aruke. Hakuruka. Akasoma hadi jina la chini. Kisha akamkunjia yule mama sukari, akamwongezea nusu kikombe, akafunga dirisha. Jioni akatuambia, "Kilichoandikwa kisomwe chote. Mimi si mwenye barua."

Nimefika mahali ninapopataka, na ninapopaogopa. Nyongeza.

Kwa Baba hakuna aliyeondoka na kipimo kikavu. Mizani ikishasimama sawa, mkono wake ulirudi guniani, ukaleta kidogo tena. Mtoto alipata kipande cha sukari guru. Bibi alipata karafuu mbili. Na kile kifuko chake cha gazeti! Kona juu ya kona, unasokota, mkia unaukunja mara mbili kwenda kushoto, halafu ulimi unauchomeka ndani, isitoke hata punje. Wengine walikunja kulia. Baba peke yake kushoto, kwa kuwa mkono wake mzuri ni wa kushoto, na mimi nikarithi. Wewe hukuweza kamwe. Vyako vilimwaga chumvi njia nzima, ng'ombe wakifuata nyuma wakilamba.

Sasa la pili.

Unajua kabla ya Riyadh nilikuwa Jeddah, mtaa wa Aziziya, katika duka la kahawa na viungo. Nilikuambia nilihamishwa kwa sababu ghala lilihitaji mtu mwenye nguvu. Ulicheka sana siku ile, na ulikuwa na haki ya kucheka. Haikuwa hivyo.

Pale dukani bosi wangu aliniamini. Nilipima hiliki, kahawa, tende, mdalasini. Mizani ya huku inatoa stika yenye uzito na bei, unabandika kwenye mfuko, halas, kwisha. Siku moja akaingia mwanamke wa kazi za nyumbani, Mkenya, buibui hadi chini, kanipa karatasi ya mahitaji ya madam wake. Nikapima. Akanitazama mikono, akanitazama uso.

"Wewe si mtoto wa Mzee Mwadime?"

"Yupi? Ana watoto wengi."

"Yule mvivu."

Nikajua huyu ni wa kwetu kabisa. Alikuwa Wakesho. Mimi nilimjua tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, sasa ana watoto wawili aliowaacha kwa mama yake. Nikabandika stika, nikamsukumia mfuko. Hakuuchukua. Akaweka kiwiko juu ya kaunta kama mama yake.

"Na nyongeza yangu?"

Dada, sijui nikueleze vipi. Miaka minne nilikuwa nimepimia watu kwa mashine, na hakuna aliyeniomba kitu kile. Nilicheka mpaka bosi akatoka ndani kutazama. Nikararua ukurasa wa gazeti, nikamkunjia punje za hiliki, labda kumi na tano, mkia kushoto. Alipokishika kile kifuko akakinusa, kisha akageuka haraka, akaniambia, "Yalla, kafanye kazi," ili nisimwone macho.

Ikawa desturi. Kila wiki alikuja na karatasi ya madam, na kila wiki nilimkunjia zake. Hakuzipika. Aliniambia anaziweka chini ya mto, chumba chake hakina dirisha, na zile karatasi zinamnukia duka.

Ungekuwa wewe ungeliona shimo mara moja. Mimi sikuliona. Kwetu nyongeza ni heshima ya mwenye duka. Lakini duka halikuwa langu, hiliki haikuwa yangu, na huku hiliki si kitu cha kugawa. Kitu kisicho na stika ni kitu kilichotoka mahali kwa mlango wa nyuma. Nilifanya ukarimu kwa mali ya mtu, kwa mkono wa Baba, katika nchi ambayo haijamwona Baba.

Madam alikuwa akibadilisha mashuka. Akavikuta vifuko vitatu. Akaona hiliki, akaona jikoni kwake kopo la hiliki, akamaliza hesabu.

Walikuja dukani asubuhi, madam na dereva wake, Wakesho katikati. Madam akaviweka vile vifuko juu ya kaunta, kimoja kimoja. Akamwambia bosi kwamba kijakazi wake anasema amepewa na mtu wa hapa. Bosi akanigeukia. Hakukasirika, alikuwa anauliza tu kama mtu anayeuliza saa.

"Wewe umempa?"

Dada Mghoi, hapa nakuomba usome polepole.

Niliona ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, ikifutwa. Niliona ada ya mwanangu Chao chuoni, na Baba na dawa za macho. Niliona pia kwamba mwanamume kumpa mwanamke zawadi ya siri, huku, inaweza kuitwa jina lingine baya zaidi, nikajidai namlinda yeye. Hayo yote yalipita kwa kasi ya kupepesa jicho. Vifuko vilikuwa pale, mikia yote kushoto, na mimi nikasema:

"Mimi? Mafi."

Neno moja la huku, la kusema hakuna kitu kama hicho. Wakesho hakupiga kelele. Aliniangalia vile watu walivyomwangalia Mama Mkamburi, kwa kunionea huruma, na hilo ndilo siwezi kulimeza. Madam akafagia vifuko kwa mkono vikaanguka chini, wakaondoka. Kabla ya kutoka, Wakesho aliinama kuokota kiatu kilichomvuka. Nilidhani ni kiatu.

Siku nne nilipima kahawa. Siku ya tano, kabla hatujapandisha shata la mlango, nikamwendea bosi nikamwambia: ni mimi niliyempa, kwetu ni desturi, nilisema uongo. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa, kufukuzwa, kupelekwa polisi. Alikaa juu ya gunia la kahawa.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Niliogopa, bosi."

"Uliogopa nini? Punje za hiliki? Ungesema siku ile, ningecheka. Ningemwambia yule mama, huyu mzee wangu ni mpumbavu, nitamkata mshahara wake. Na msichana angerudi jikoni."

Ningecheka! Hilo neno nalibeba kuliko magunia. Akampigia madam simu mbele yangu. Madam akasema halas, msichana amekwisha kurudishwa kwa ajenti, ameshapelekwa Riyadh kungojea ndege. Bosi akaweka simu, akaniambia bila kupandisha sauti kwamba hanifukuzi kwa sababu ya hiliki, ananiondoa kwa sababu kesho akiniuliza swali hatajua kama nimemjibu ukweli. Ndugu yake ana ghala Al-Sulay. Nikapanda basi siku hiyohiyo. Ndiyo hayo "mahitaji ya mtu mwenye nguvu."

Huku Riyadh ilinichukua Ijumaa tatu kumpata. Wako wanawake kumi na kitu, wamewekwa katika fleti moja mtaa wa Malaz, wanangoja tiketi na vibali. Mlinzi ni Mganda, mtu wa Mungu. Akaniruhusu kusimama kwenye ngazi, Wakesho akaja mlangoni. Amekonda. Nywele kazifunga kwa uzi wa gunia.

"Pole, Wakesho," nikaanza.

"Umepanda ngazi zote hizo uje kusema pole?"

"Nimemwambia bosi ukweli."

"Bosi wako anamjua mama yangu?"

Nikashika chuma cha ngazi. Akaendelea:

"Ajenti amempigia Mama. Amemwambia mwanao ni mwizi, mje mpokee mwizi wenu. Kaka, Mama amerudisha funguo za kanisa. Miaka yote hiyo ndiye anayefungua. Anasema mama wa mwizi hawezi kushika funguo za nyumba ya watu. Wanangu wanaitwa jina hilo shuleni. Unielewe. Mimi madam nimeshamsahau."

"Nitampigia mama yako simu leo hii."

"Simu!" Akacheka, dada, kicheko kikavu kabisa. "Wewe na maneno yako matamu? Watasema umenionea huruma, au watasema kuna jambo kati yetu. Hapana. Andika. Kwa mkono wako, jina chini. Isomwe dukani kwenu, kaunta, kama zamani. Mama awepo."

"Si uibebe mwenyewe basi, unaondoka kabla yangu."

"Niibebe mimi, waseme nimejiandikia? Itangulie. Nataka nikifika pale barabarani na begi langu, wawe wameshajua."

Mlinzi akakohoa. Wakesho akaingiza mkono mfukoni, akanionyesha kifuko kimoja cha gazeti, kimebapa kama jani lililowekwa katika Biblia. Ndicho alichookota siku ile, si kiatu. Ndani kaweka pini zake za nywele.

"Hiki kinakuja na mimi," akasema. "Baba yako macho hana, lakini vidole anavyo."

Akafunga mlango. Nilikaa kwenye ngazi mpaka mlinzi akaniletea maji.

Basi, dada, haya ndiyo ninayokuomba, na sijawahi kukuomba kitu kigumu zaidi, hata siku ile nilipovunja kioo cha kandili nikakuomba useme ni paka.

Tiketi yake wanasema ni ndani ya wiki mbili. Katana atakufikia kabla. Siku ya soko, wakati benchi limejaa, mwite Mama Wakesho dukani. Akikataa, mfuate kwake umshike mkono. Baba mweke kiti chake nyuma ya kaunta, umgeuze sikio la kulia, lile linalosikia. Kisha usome. Soma na utani wangu wote, hata wa shemeji na zizi, anisamehe. Ukifika kwenye lile neno nililomjibu bosi, najua utataka kuruka kwa ajili ya Baba. Usiruke. Lisome kwa sauti ya bei za unga.

Najua itamuumiza. Mzee aliyeshika kaunta maisha yake yote, asikie kwamba desturi yake niliifanya kwa mali ya mwingine, kisha nikaikana mbele ya niliyempa. Nimelala na jambo hilo juu ya kitanda changu cha juu na sikupata njia ya kulizunguka. Kumpunguzia Baba ni kumpunguzia Wakesho, na yeye nimeshampunja vya kutosha.

Halafu Wakesho akifika, aende dukani moja kwa moja, na kama bado wapo wanaonong'ona, akiweke kile kifuko mkononi mwa Baba. Siku hiyo msimkumbushe Baba chochote. Mwulizeni tu kimekunjwa na nani.

Baada ya hapo bomoeni. Watu wa barabara wakiwahi kuja, wapikieni, wachelewesheni, mlale mbele ya ukuta kama ni lazima, na kwa umbo lako hawatapita. Nilikuwa nataka uniwekee vitu vingi vya duka lile. Nimefikiri upya. Kigawe kila kitu, hata kile kibati cha betri. Mizani mpe Wakesho. Ana mikono, ana akili, na pale njiapanda hakuna anayeuza viungo. Mwambie si malipo, maana akisikia ni malipo atakurushia mawe yake moja moja.

Nisalimie Chao, umwambie asome, na akiambiwa baba yake alisema uongo akubali, asipigane. Nisalimie mjomba mwenye mizinga, na mke wake aliyenishonea shati la safari, bado lina kifungo kimoja. Nisalimie mchungaji, hizo funguo azirudishe kwa mkono wake mwenyewe, asitume mtu. Baba mpe mkono wangu wa kushoto. Kwa Mama Wakesho sijathubutu kutuma salamu. Nimemtumia kurasa hizi.

Karatasi nimezikunja mwenyewe, mkia kushoto, ulimi ndani. Kama zimekufikia zimekunjwa vingine, Katana amezisoma, na umnyime chai.

Ndugu yako aliyempa Wakesho hiliki,

Zablon Mwadime